Tungoje Kupambazuke

Mara ya mwisho kuisema kauli ile nilikuwa Mtopanga, nimesimama kando ya shimo na viatu vimejaa mchanga, namzika mvuvi aliyeacha mke na watoto watatu. "Kazi ya Mungu haina makosa," nikasema, na watu wakaitikia kwa ule mnong'ono wa msibani ambao si amina wala si kukataa. Mjane hakuitikia. Nilimwona. Nikadhani hajasikia kwa sababu ya upepo wa kusi.

Mimi ni mwinjilisti wa Kianglikana, mzaliwa wa Rabai, mkazi wa Kisauni. Kasisi wetu ana makanisa kadhaa ya kuangalia, kwa hiyo mazishi mengi huniangukia mimi. Kazi hii ina vyombo vyake. Seremala ana randa na msumeno. Mimi nina kanzu nyeupe inayochafuka pindoni, kitabu cha ibada, na maneno. Na kama fundi yeyote, yako maneno niliyokuwa nikiyashika bila hata kuyatazama. Kazi ya Mungu haina makosa. Sisi tulimpenda, Mungu amempenda zaidi. Na yale ya Ayubu, ya kupewa na kunyang'anywa na bado kumbariki aliyetoa.

Nilikuwa nayaamini. Hilo nataka lieleweke mapema. Sikuwa mtu wa kusema asichokiamini, na sijawa mtu aliyeacha kuamini. Ninaamini Mungu anatawala, na leo naliamini hilo kwa nguvu kuliko wakati ule. Ila nililazimika kujifunza ni nani mwenye haki ya kulisema, na lini.

Binti yetu wa tatu alizaliwa na selimundu. Hatukujua mpaka alipofika miezi minane, vidole vya mikono na miguu vikavimba vikawa kama ndizi kisukari, akalia siku mbili. Jirani alisema ni jicho. Mama yangu alisema ni baridi. Kipimo cha damu kikasema lake. Daktari mmoja kijana alinichorea kwenye kipande cha karatasi: duara moja, na kando yake mundu. Chembe nyekundu za damu, akasema, za watu wengine ni za duara na zinapita. Za mtoto huyu zinajikunja, zinakwama kwenye mishipa myembamba, na pale zinapokwama ndipo panapouma. Kisha akatueleza kwamba mimi na mke wangu, ambao hatujawahi kuugua ugonjwa huo hata siku moja, kila mmoja wetu amebeba nusu yake. Kila mimba, nafasi moja katika nne. Tuna watoto wanne, na ni mmoja aliyeupata. Hesabu ilitutokea barabara, kama ya kitabuni.

Tukajifunza kuishi nao. Kidonge cha foliki kila siku, penisilini alipokuwa mdogo, chandarua bila kukosa, sweta hata Mombasa, na maji. Maji kuliko vyote, kwa sababu damu ikikauka inaanza kukwama. Alipokuwa darasa la tano alichukua chupa ya lita moja, akaichora mistari kwa kalamu ya wino mzito: saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi. Maji yalitakiwa yawe yameshuka mpaka kwenye mstari kila saa ilipofika. Mwalimu wake alilalamika kwamba anaomba ruhusa ya kwenda msalani mno. Akamjibu, "Mwalimu, chagua wewe, msalani au hospitali." Alikuwa na macho ya manjano na ulimi wa pilipili.

Siku moja, ana miaka 12, ametoka kulazwa, aliniuliza, "Baba, ugonjwa huu Mungu alinipa, au alinyamaza tu nilipopewa?"

Nikamhubiria. Nilimwambia habari za mfinyanzi na udongo, habari za mwiba wa Paulo, nikamalizia na Yusufu na ndugu zake. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Sawa, Baba," akasema. Ilikuwa ile sawa ya mtoto anayemhurumia mzazi wake.

Alifariki akiwa na miaka 16, mwezi wa Julai.

Watu wa bara huicheka baridi ya Pwani, lakini kusi likivuma na mvua ikilala, mwenye selimundu haicheki. Saa tano usiku alisema miguu inamuuma, na kifua. Tulikuwa tumeshayaona hayo mara nyingi. Tukampa dawa ya maumivu, mama yake akamkanda kwa maji ya moto, nikamjazia chupa yake. Mke wangu alinitazama. Alitaka tuondoke. Nami, nikifikiria nauli ya tuktuk usiku, na zile saa ambazo tungekaa kwenye benchi bila kuhudumiwa, na zile mara sita au saba ambapo maumivu yalitulia yenyewe, nikasema, "Tungoje kupambazuke."

Saa kumi alfajiri alikuwa anahema kama mtu aliyepanda mlima.

Hospitalini walipima damu, ikawa imeshuka mpaka nne. Aongezewe mara moja, wakasema, na chumba cha damu hakikuwa na hata mfuko mmoja wa kundi lake. Nikakunja mkono wa shati. Daktari akatikisa kichwa: damu yangu na ya mama yake haitamfaa, kwa kuwa sote wawili tunacho kile kile tulichompa. Leteni mtu mwingine. Nikapiga simu kwa vijana wa kanisa, wawili wakaja mbio, wakatolewa damu, ikapelekwa kupimwa. Saa tano kasorobo asubuhi mfuko ulikuwa bado juu ya meza ya maabara. Naujua wakati huo kwa sababu niliangalia saa ya ukutani, kama mtu anayeangalia saa ya basi.

Tulimpeleka Rabai. Mmoja wa vijana wale alibeba jeneza siku ya tatu na plasta bado iko kwenye kiwiko, imegeuka rangi ya udongo.

Kisha watu wakaja. Nisiwaseme vibaya, walikuja na mchele, sukari, magunia ya mkaa, walichota maji, walilala kwenye mikeka mbu wakiwamaliza. Msiba wa Pwani hauachi mtu peke yake. Lakini pamoja na mchele wakaja na maneno, na maneno yalikuwa yangu. Wakanirudishia moja moja, kama watu wanaorudisha vyombo vilivyoazimwa. Mwinjilisti, kazi ya Mungu haina makosa. Mwinjilisti, Mungu amempenda zaidi. Mzee mmoja niliyemzikia mkewe miaka mingi nyuma alinishika mkono akanipa neno zima zima kama nilivyompa yeye, hata pale nilipozoea kutua alitua. Alidhani ananilipa deni. Nami, pale nilipotakiwa kusema amina, koo lilikataa. Nikamkumbuka mjane wa Mtopanga. Haukuwa upepo.

Usiku ule tumelala sebuleni kwenye mkeka, vyumba vimejaa wageni, mke wangu akaninong'oneza gizani, "Amempenda zaidi? Zaidi ya nani? Mimi nilimpenda kidogo?"

Wageni walipoondoka, yeye akaanza jambo lililonitia aibu. Kila alfajiri akiwasha jiko alikuwa akigombana na Mungu, kwa sauti. "Wewe. Nakusemesha wewe. Ulikuwa wapi saa kumi? Nilikuita kwenye tuktuk, nilikuita kwenye benchi. Nijibu." Nilifunga dirisha la jikoni, kwa kuwa majirani zetu wawili ni washarika. Mke wa mwinjilisti! Mimi mwenyewe nilikuwa na adabu. Niliongoza ibada, niliomba mbele ya watu kwa sauti ile ile ya siku zote, na nilipofika nyumbani sikuwa na neno. Niliongoza sala kwa miezi minne bila kusali.

Katika miezi hiyo nikakisoma kitabu cha Ayubu chote, sura 42, si kile kipande cha mazishi. Aibu kusema, lakini nilikuwa sijawahi kukisoma chote kwa mkupuo. Sisi wahubiri tunazijua sura mbili za mwanzo na moja ya mwisho. Katikati tunapaacha kama watu wanavyolikwepa shamba lenye nyuki.

Marafiki watatu wanakuja, wanaketi naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kusema kitu. Hapo hawana kosa. Msiba unaharibika wanapofungua midomo. Nilipofika kwenye hotuba za Elifazi nilijikuta nayajua maneno yake. Yalikuwa maneno mazuri, yenye heshima kwa Mungu, unaweza kuyahubiri Jumapili na watu wakatoa sadaka. Yalikuwa yangu. Na mwishoni, Mungu anamkasirikia nani? Anamkasirikia Elifazi na wenzake wawili, kwamba hawakumnena ipasavyo kama Ayubu. Ayubu yule yule aliyeilaani siku ya kuzaliwa kwake, aliyedai kesi isikilizwe! Nilikaa na hilo siku nyingi. Wale watatu, katika kurasa zote zile, wanamsema Mungu. Ayubu ndiye pekee anayemsemesha. Nikafungua dirisha la jikoni.

Jambo la pili lililonishika ni kwamba Ayubu hakuambiwa. Sisi wasomaji tumeketi kwenye sura ya kwanza, tunausikia ule mkutano wa mbinguni, tunajua mambo yalianzia wapi. Yeye hajui. Mungu anapomjibu kutoka kwenye tufani anamuuliza maswali: habari za bahari na milango yake, theluji, mbuzi wa mwituni wanaozaa peke yao, mbuni anayesahau mayai yake mchangani. Hata neno moja juu ya sababu. Ayubu anakufa mzee, ameshiba siku, bila kuijua sura ya kwanza ya kitabu chake mwenyewe. Kama Mungu hakumpa Ayubu sababu, mimi wa Kisauni niliipata wapi ya kumpa mjane wa mvuvi?

Na tena mali. Kondoo 7,000 wakawa 14,000, ngamia 3,000 wakawa 6,000, kila kitu mara mbili. Watoto? Walikuwa kumi, akapewa kumi. Wako wahubiri wanaofafanua kwamba wale wa kwanza hawakupotea, wapo kwa Mungu, kwa hiyo kumi na kumi ni ishirini. Inawezekana. Mimi husoma pale nikaona tu kwamba hata aliyeandika alijua mtoto si ngamia.

Kuna kaburi Nyali, upande wa bara ng'ambo ya kisiwa, ambalo watoto wa Rabai tunafundishwa habari zake tangu shule ya Jumapili. Amezikwa hapo Rosine, mke wa mmisionari Johann Ludwig Krapf. Walifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi Juni Krapf akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Tarehe 13 Julai Rosine akafariki kwa homa, siku chache baada ya kujifungua, na kitoto kichanga kikamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa hajiwezi. Kutoka hapo aliandikia wakubwa wake London kwamba sasa misheni ina kaburi katika Afrika Mashariki, na kwamba hiyo ni ishara ya kazi kuanza. Barua hiyo imesifiwa makanisani kwetu tangu nikiwa mtoto, na mimi nimeisifu mimbarani.

Nilikwenda pale mwezi wa tano baada ya msiba. Nilikuwa nimemkasirikia Krapf. Kaburi bichi, na wewe tayari umeshaligeuza kuwa tangazo! Lakini nikiwa pale nikakumbuka habari nyingine, ambayo haisimuliwi sana. Kabla ya Mombasa, walipokuwa njiani katika nchi za Uhabeshi, Rosine alijifungua nyikani mtoto wa kike, naye hakuishi. Walimpa jina Eneba. Kwa Kiamhari ni chozi. Hawakumwita Baraka wala Neema. Wakambatiza Chozi, wakamzika, wakaendelea na safari. Mtu huyo aliyemwita mwanawe Chozi mbele za Mungu, huyo nilimwelewa. Ya barua nikamsamehe. Mtu mwenye homa na makaburi mawili ana haki ya kuandika anachoweza.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niandike.

Ukifiwa na mtoto, huzuni haiji peke yake. Inakuja na mwendesha mashtaka. Mimi nilisema tungoje kupambazuke. Hakuna aliyenilaumu, hata mke wangu, na kutolaumiwa kulikuwa kubaya zaidi. Nilihesabu kila usiku: saa tano mpaka saa kumi ni saa tano. Kama tungeondoka saa tano. Kama ningewaita vijana saa sita. Na nyuma ya hapo, kama nisingemwoa mama yake. Hata damu yetu yenyewe ilinishtaki. Muuguzi wa kliniki alitueleza zamani kwa nini kitu hiki kimejaa Pwani: mwenye kubeba nusu yake analindwa dhidi ya malaria kali. Daktari Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, ndiye aliyelionyesha hilo mwaka 1954 baada ya kupima damu za watu wa Pwani na wa kandokando ya Ziwa. Kwa hiyo babu zangu walipona utotoni kwa kitu kile kile kilichomuua mjukuu wao. Ukitaka niseme kwamba katika hesabu hiyo kuna hekima ya Mungu, nitasema ipo. Ukitaka nikueleze, keti, tutakaa sana.

Hapo katikati ya hesabu zangu ndipo enzi ya Mungu iliponijia, na haikuja kama maelezo. Ilikuja kama mtu anayekuondoa kwenye kiti. Kama Mungu hatawali, basi aliyekuwa akitawala usiku ule ni mimi. Maisha ya mwanangu yalikuwa mikononi mwa mtu aliyekuwa akifikiria nauli ya tuktuk. Siwezi kuishi katika ulimwengu huo; nilijaribu miezi minne. Lakini kama siku zake zilikuwa mikononi mwa mwingine, aliyemjua tumboni kabla daktari hajachora mundu wake, basi mimi nilikosea kama baba anavyokosea, na kosa langu ni kubwa, na bado si kubwa kiasi cha kuwa ndilo neno la mwisho juu yake. Nililia siku hiyo kwa mara ya kwanza tangu Rabai. Nikaomba msamaha, kwa Mungu kwanza, kisha jikoni kwa mama yake. Yeye aliendelea kukoroga uji. "Nami nilikubali," akasema. "Ningeweza kukuburuta. Nilikubali."

Nawaonya wanaopenda kulitumia jambo hili vibaya, maana wapo. Siku zake zilikuwa zimehesabiwa, na chumba cha damu kilikuwa kitupu. Yote mawili ni kweli, na mimi sitakubali la kwanza litumike kulifunika la pili. Nimewasikia wakubwa wakisimama misibani, barabara mbovu imeua watu, kivuko kimezama, wakasema ni mapenzi ya Mungu, na sisi wachungaji tukaitikia. Anayesema hivyo anamtafuta Mungu amtilie sahihi uzembe wake. Kanisani kwetu sasa wahudumu wa damu huja mara kwa mara. Siku ya kwanza tulijitokeza watu tisa, na mzee mmoja alikuja kutuambia damu haitolewi, akabaki kunywa soda.

Mazishi bado nazika. Ibada naisoma kama ilivyo, ufufuo nauhubiri kwa sauti yote, kwa sababu hapo sina shaka na hapo ndipo ninapoegemea. Yale maneno mengine siyasemi tena. Akiyasema mfiwa mwenyewe, nasema amina, na ninajua bei yake. Asipoyasema, nafanya kama wale watatu kabla hawajaharibu: naketi. Mwanzoni watu walinung'unika kwamba Mwinjilisti siku hizi hana neno. Baba mmoja aliyepoteza pacha wake wote wawili aliniomba kabisa, "Sema kitu, Mwinjilisti." Nikamwambia sina. Nikamuuliza majina yao, nani alizaliwa wa kwanza, nani alikuwa mlizi. Tulikaa mpaka taa ikaisha mafuta.

Mke wangu hajaacha ugomvi wake, ila umepoa, sasa unafanana na mazungumzo ya watu waliooana zamani. Mimi hulala kitandani nikimsikiliza. Ndiyo imekuwa kengele yangu ya asubuhi. Juma lililopita niliamka nikakuta kimya. Nikaogopa, nikaenda jikoni miguu mitupu. Jiko linawaka, yeye ameketi mlangoni, mvua inanyesha uani, na ile chupa yenye mistari ipo pale pale juu ya kabati, ameijaza.

"Leo humsemeshi?" nikamuuliza.

"Leo sina la kumuuliza," akasema, akanisukumia ungo wa mchele nichambue.